Haki ya Paka Aliyefungiwa Ndani

Imetufikia barua kutoka Kitengela. Aliyeiandika ni kijana wetu aliyekuwa akihudhuria darsa hii kabla ya kazi kumpeleka bara, na jina lake hatulitaji kwa kuwa mwenyewe ameomba lisitajwe. Ametueleza kwa urefu namna paka wake alivyougua tumbo akafa, kisha mwisho wa barua akatia swali moja: je, yeye na yule mwanamke aliyemfungia paka, ambaye khabari yake imo katika Bukhari na Muslim, hali yao ni moja?

Twakiri kuwa swali hili limetukaa moyoni. Kwani ndugu huyu huyu ndiye aliyetuandikia mwaka jana akiuliza kama ni israfu kununua sanduku la paka lenye kujisafisha lenyewe, na sisi tukamjibu upesi kwamba mwenye uwezo na haja akinunua chombo cha kumfaa nyumbani hafanyi israfu. Tuliulizwa juu ya fedha, tukajibu juu ya fedha. Juu ya paka hatukusema neno. Basi tuyasemayo leo yatuelekea sisi kabla ya kumwelekea yeye.

Wasomaji wetu wa Mji wa Kale, wa Lamu na wa Malindi huenda wakashangaa: paka na sanduku, wapi na wapi? Huku kwetu paka ni wa mtaa mzima. Hula sokoni kwa wauza samaki, hulala barazani kwa mtu asiyemjua, na akitaka kwenda haja huenda pwani au nyuma ya ua, akafukua mchanga, akafukia, ikawa imekwisha. Hana mwenyewe, na kwa hivyo hana wa kulaumiwa. Hatusemi kwamba hali hiyo ni njema kwake. Wangapi tumewakuta wamekufa vichochoroni na hakuna aliyejua kuwa walikuwa wagonjwa? Twasema tu kuwa ardhi ndiyo iliyokuwa ikimtumikia.

Kitengela si hivyo. Mji huu umo katika kaunti ya Kajiado, kusini ya Nairobi, ukipita Athi River kwa barabara iendayo Namanga. Zamani zilikuwa mbuga za malisho ya Wamasai, na njia ya nyumbu na punda milia watokao katika hifadhi ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1946. Sasa mahali pengi pamekuwa majumba ya ghorofa, kuta na milango ya chuma, na watu wa pwani wenye kazi Nairobi wamo humo pia. Aishiye ghorofa ya nne hana mchanga wa kumpa paka wake, na akimtoa nje kuna mbwa wa walinzi na malori ya barabara kuu. Basi humfungia ndani, na humwekea sanduku lenye mchanga. Mchanga huo si wa pwani. Mara nyingi ni udongo wa jinsi ya bentonaiti, ambao ukipata mkojo huganda ukawa donge. Biashara ya kuuza udongo kwa ajili ya paka ilianzishwa na Mmarekani Edward Lowe katika jimbo la Michigan mwaka 1947. Kabla yake watu wa huko walitumia mchanga na majivu.

Sanduku lenye kujisafisha ni hilo hilo lililotiwa mota. Ziko jinsi mbili zilizo mashuhuri. Moja ina reki ipitayo juu ya mchanga ikakokota madonge mpaka kwenye droo. Ya pili ni kama pipa lililolala, ambalo paka akishatoka huzunguka polepole, mchanga ukapita katika chujio na madonge yakaanguka droo ya chini. Mashine hujua kuwa paka ameingia kwa mizani au kwa kihisio cha miale, ikangoja dakika chache baada ya kutoka kwake, ndipo ikafanya kazi. Nyingine hupeleka khabari kwenye simu ya mwenye nyumba: leo paka ameingia mara ngapi, na uzito wake ni kadha wa kadha. Bei yake ni makumi ya maelfu ya shilingi. Hatuna sababu ya kuikejeli. Kazi iliyokuwa ikimchafua mtu mikono kila siku imekuwa ni kubadilisha mfuko mara moja kwa juma.

Na ndugu yetu hakuinunua kwa uvivu. Mkewe alikuwa mja mzito, na kliniki walimkataza kushika choo cha paka. Katazo hilo ni la haki. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplazma, ambacho paka akikipata mara ya kwanza hukitoa katika choo chake kwa muda wa wiki moja hata tatu, na mwanamke mwenye mimba akiambukizwa kwa mara ya kwanza, chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mume naye hutoka nyumbani mara tu baada ya kusali alfajiri ili aiwahi njia ya Nairobi kabla haijajaa magari, na hurudi baada ya isha. Akaona mashine itamkinga mkewe na itamtosheleza paka. Nia ilikuwa njema, na twaiandika hapa ili asije mtu akamhukumu kwa nusu ya kisa.

Kisa chenyewe ni hiki. Walibadilisha chakula cha paka ghafla, na siku zile zile tumbo lake likaanza kuendesha. Siku ya kwanza hawakujua, kwa sababu hapakuwa na cha kuona: mashine ilikwisha fagia. Siku ya pili simu ikaonyesha kuwa paka ameingia sandukuni mara 11. Ndugu yetu aandika, na hapa ndipo tulipoiweka barua chini kwa muda, kwamba alimwonyesha mkewe hesabu ile huku akifurahi, akasema kweli chombo hiki kina kazi. Siku ya nne harufu ikaenea. Alipofungua alikuta choo cha maji kimepakaa kwenye chujio, kwenye kuta za pipa na juu ya kihisio, kimechanganyika na mchanga uliodhaniwa kuwa safi, na paka akiingia humo na kutoka huku akikanyaga. Wakamtafuta, wakamwona chini ya kitanda, hana nguvu ya kunyanyuka.

Daktari wa wanyama aliwauliza matatu. Tangu lini? Mara ngapi kwa siku? Mna damu, ute au minyoo? La pili lilijibiwa na simu. La kwanza na la tatu hakuna katika nyumba ile aliyeweza kuyajibu. Daktari alishuku kuwa si chakula, bali ni yale maradhi ya virusi yanayoshambulia matumbo ya paka wasiochanjwa na kuwaua kwa siku chache. Na huyu hakuwa amechanjwa. Alitiwa maji mwilini kwa sindano, akaishi usiku mmoja, na usiku wa pili akafa.

Turudi kwenye swali. Hadithi ile ina mpango wake, na wengi wetu huupita mbio. Mwanamke yule hakulaumiwa kwa kutomlisha paka peke yake. Paka wa mtaani ambaye hukumpa kitu hayuko katika dhima yako kama alivyo wako wa ndani. Alilaumiwa kwa kuyakusanya mawili: kumfungia, na baada ya kumfungia asimpe chakula wala maji, wala asimwachilie akajitafutie katika wadudu wa ardhi. Kufunga mlango ndiko kulikozaa wajibu. Kabla ya hapo ardhi humlisha, ardhi humfichia uchafu wake, na akiumwa hutafuta nyasi akatafuna. Mlango ukifungwa, kazi zote zilizokuwa za ardhi huwa zimehamia kwako wewe uliyeshika ufunguo.

Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijra, ambao ni 1262, alipozihesabu haki za wanyama katika kitabu chake cha Qawaid al-Ahkam alitia ndani kumgharimia mnyama hata akiwa mzee au mgonjwa asiyetarajiwa faida. Lakini utamgharimia vipi mgonjwa ambaye hujui kuwa ni mgonjwa? Hapa ndipo tunapoona kuwa kujua nako kumo katika haki. Mtoto mchanga hulia, mtu mzima husema naumwa. Paka desturi yake ni kuyaficha maumivu, akajitenga, akalala chini ya kitanda. Habari ya tumbo lake huitoa mahali pamoja tu, nalo ni sanduku lake.

Wako waliokwenda kumpa pole ndugu yetu wakamsimulia khabari ya paka aitwaye Muezza na mkono wa kanzu uliokatwa ili asiamshwe usingizini. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa, na hatuna haja nacho, kwani tunacho kilichopokewa na Abu Daud na Tirmidhi na Imam Malik. Abu Qatada alimtembelea mkwewe Kabsha, akatiliwa maji ya kutawadha, akaja paka akataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa, na Kabsha alipomtazama kwa mshangao akamweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika wenye kutuzungukia majumbani. Masheikh wetu wameitumia hadithi hii katika mlango wa tohara, na ndipo mahali pake. Sisi twaomba itazamwe pia ile harakati ya mkono. Mtu yuko katika matayarisho ya ibada, na bado jicho lake limemwona mnyama mwenye kiu.

Sasa tuitazame mashine kwa insafu. Kazi ya kuzoa choo cha paka ilikuwa na mambo mawili ndani yake: taabu ya mkono, na kuona kwa jicho. Hakuna aliyekusudia kuona. Aliinama kwa ajili ya kusafisha, na kwa kuwa ameinama akaona. Kumbe leo ni laini, leo mna uzi mwekundu wa damu, leo mna vipande kama punje za mchele navyo ni tegu. Mashine ilipokuja ilituahidi kutuondolea taabu, na ikatuondolea yote mawili kwa pamoja. Wala haya hayakuanza na mashine. Wangapi katika sisi wana mtumishi wa nyumbani azoaye choo cha paka kila asubuhi, naye ndiye ajuaye kila kitu, na hakuna amwulizaye? Huyo walau ana ulimi. Siku moja atasema.

Tena mashine hii imebuniwa kwa ajili ya paka mzima wa afya. Kila kilicho ndani yake, reki, chujio, pipa lizungukalo, kimekadiriwa kwa donge gumu lenye kuanguka. Choo cha maji hakiangukii droo. Hupakaa, na kila ikizunguka hukitandaza zaidi. Yaani siku ambayo paka amehitaji zaidi kutazamwa ndiyo siku ambayo chombo hukosa kufaa, na hakitasema kuwa hakifai. Paka dume naye ana balaa yake nyingine. Akiingia mara kwa mara, akajikamua na kulia na hatoki kitu, watu hudhani amefunga choo, kumbe mara nyingi ni njia ya mkojo imeziba, naye aweza kufa kwa siku mbili tatu. Mashine itafagia mchanga mtupu na kupeleka khabari kuwa pamesafishwa.

Tumeambiwa kuwa ziko sasa mashine zenye kamera, zinazopiga picha ya choo chenyewe na kumpelekea mwenye nyumba. Ni maendeleo, na hatuyapingi. Lakini aliyeiona hesabu ya 11 akafurahi, picha ingalimfaa nini? Hesabu ile ilikuwa ni kilio cha mgonjwa, naye aliisoma kama sifa ya chombo.

Ndani ya barua limo jambo ambalo mwandishi amelitia kwa kupita tu, nasi tumelipenda kuliko mengine. Mlinzi wa jengo lao ni mzee wa Kimasai ambaye ng'ombe wake wako upande wa Isinya. Alipoona paka anatolewa amefungwa nguo aliuliza sababu, akaelezwa. Mzee akauliza: "Kwani mlikuwa hamtazami mavi?" Hakuuliza kwa kebehi, alishangaa kweli. Watu wa Kajiado waliopoteza ng'ombe wengi katika ukame wa mwaka 2022 hawana anasa ya kuona haya. Mfugaji hutoka asubuhi, na kabla ya kumtazama ng'ombe usoni hutazama alikolala: mavi mepesi, makavu, yenye damu, kila moja lina maana yake na dawa yake. Sisi watu wa mjini tumeifanya heshima kuwa ni kutoinama.

Basi je, ndugu yetu ni kama yule mwanamke? Twasema: la. Yule alijua na akaacha. Njaa ya paka wake haikufichika kwake. Huyu hakujua, na alipojua alikimbia kwa daktari usiku ule ule akalipa alichodaiwa. Ya kwanza ni dhulma, ya pili ni ghafla, na hukumu zao si moja. Lakini tusimdanganye kwa kumfariji. Ghafla nayo ina milango yake, na miwili aliifungua mwenyewe. Chanjo ya paka ni sehemu ndogo mno ya bei ya mashine ile. Aliyepata fedha za mashine hakukosa fedha za chanjo, alikosa kuikumbuka. Na hesabu ya 11 aliishika mkononi. Haya mawili ayaombee maghufira, wala asijitese kwa zaidi ya hayo. Na sisi tuliomjibu mwaka jana kama makarani wa fedha tuna fungu letu. Wallahu aalam.

Kuhusu mkewe, liko neno ambalo kliniki huenda hawakulifafanua. Vijidudu vile vya toksoplazma havimdhuru mtu siku ile ile vitokapo. Huhitaji siku moja hata tano kukomaa. Ndiyo maana choo cha paka kikizolewa kila siku hatari hupungua sana. Sasa droo ya mashine ikikaa juma zima bila kumwagwa, humo ndimo vinamokomaa. Sanduku halikuiondoa hatari, limeihamisha kutoka mchangani mpaka kwenye droo. Kwa hivyo mwenye mke mja mzito na aimwage droo yeye mwenyewe kila siku, kwa glavu, kisha anawe mikono kwa sabuni. Dakika tano baada ya alfajiri zatosha, na barabara ya Namanga itamngoja.

Na tumbo la paka likichafuka, mashine izimwe saa ile ile. Atolewe beseni la kawaida, litandikwe gazeti au vumbi la mbao kidogo, mpaka choo kionekane kilivyo. Akiwa na mwenziwe watengwe. Asipewe maziwa, kwani paka wakubwa wengi hawayamudu na huzidi kuharisha; wala asipewe Panadol hata chembe, maana ni sumu kwake. Maji safi yawepo daima. Ngozi ya mabega ivutwe kwa vidole: ikirudi polepole, mwili umekauka maji, na hapo si pa kungoja kesho. Damu, kutapika, au kuharisha kunakopita siku moja kwa kitoto, au mbili kwa mkubwa, ni kwa daktari, na achukuliwe pamoja na choo kibichi ndani ya kopo safi, kwani daktari hukitazama kwa hadubini. Mashine yenyewe ioshwe yote kabla ya kurudishiwa kazi. Dawa ya klorini huua virusi vile vya matumbo lakini haiui toksoplazma. Hiyo huuawa na maji yachemkayo. Isichanganywe klorini na mkojo wa paka usiosuuzwa, hutoa mvuke wenye kudhuru kifua. Na kwa kuwa choo na mkojo wa paka ni najisi katika madhehebu yetu, ijapokuwa yeye mwenyewe si najisi, miswala isitandikwe chumba hicho mpaka sakafu ioshwe.

Pembeni mwa barua, kwa kalamu nyingine, ndugu yetu ameongeza kuwa mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike. Na kwamba watoto wa jengo wamemletea vitoto viwili vya paka waliovikuta nyuma ya kituo cha petroli, naye hajui avipokee au asivipokee, wala hajui aiuze mashine au aiweke.

Avipokee. Mashine asiiuze, ila kwa sasa aiweke imezimwa, kwani vitoto ni vyepesi na mizani ya mashine nyingi haivihisi vikiwa ndani, na ziko khabari za paka walionaswa na mashine za namna hiyo. Wala asivitilie ule udongo wa kugandamana, maana vitoto huulamba na kuumeza. Beseni na gazeti vitamtosha mpaka vikue. Na kabla ya Ijumaa ijayo avichukue vyote viwili kwa daktari, vikachanjwe.